Kabla Uributi Seva, Pitisha Mkono Kwa Kitako cha Gorogoro

Haya maneno niliyasema Jumamosi mchana hapa Kisumu mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya seva. Wengine walitoka Kakamega na Busia na asubuhi, mmoja alipanda matatu Nakuru usiku wa manane ndo afike kwa wakati. Wengi waliniomba niyaandike, kwa hivyo nimeyaandika vile nilivyoongea, na pale nilipita mbio manake mvua ilikuwa inagonga mabati nimeongeza kidogo.

Asante mwenyekiti, na asanteni nyote kwa kukaa mpaka saa hii. Najua wengine wenu mko na zamu ya usiku.

Nataka nianze na soko. Kila mtu hapa ashaenda Kibuye Jumapili. Unajua gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi na omena, na nyote mnajua kuna ile gorogoro imegongwa kitako kikaingia ndani. Kwa macho imejaa, ata imefanya mlima juu, muuzaji anakuongezea na mkono mara mbili unasikia vizuri, alafu ukifika nyumbani ukimwaga kwa sufuria unashangaa omena ilienda wapi. Mama yangu alikuwa haulizi bei kwanza. Alikuwa anachukua gorogoro, anapitisha mkono ndani mpaka chini, akisikia kitako kiko sawa ndo anauliza ngapi.

Hivyo ndo nataka mfanye na top, na ps (prosesi, yaani programu zinazokimbia), na free (memori), na df (nafasi ya diski), na sar (rekodi ya vile mashine imekuwa), na vmstat, na chochote kingine unachotumia kuangalia hali ya mashine. Hizo zote ni gorogoro. Hakuna ata moja inayojua kitu yenyewe, zinaenda mahali zinachota namba zinakuletea. Kwa hivyo ikikuletea kosa, ama ikikuletea namba ya ajabu, swali la kwanza si "mashine imekuwa aje", swali la kwanza ni "hii kitu imechota wapi, na imeweza kufika huko?" Nimeona watu wazuri, watu wenye bidii, wakiharibu mashine nzima manake walirukia swali la pili wakaacha la kwanza.

Niwape mfano wa Nakuru, miaka mingi iliyopita. Kulikuwa na mashine ya FreeBSD, mfumo wa jamii ya Unix, kwa taasisi moja, ndo ilikuwa mlango wa netiweki yao yote. Jamaa wakaamua kuiapdeti kutoka kwa soso, yaani kodi yake, wakajenga kerneli mpya, kile kiini cha mfumo kinachoongoza mashine, wakaiweka, wakaributi, ikawaka vizuri. Kesho yake mmoja akapiga ps, ikamjibu "kinfo_proc size mismatch". Akapiga top, nayo ikakataa. Sasa wakaketi wakaogopa, wakasema hapa tumeingiliwa, mtu ameweka ps yake ya uongo ndo tusione anachofanya. Na hiyo si fikira ya kijinga, wezi wa mitambo kweli hubadilisha ps. Lakini hawakuangalia kitu kingine chochote, usiku huo huo wakafuta diski yote wakaanza upya, na bakapu ya sheria za firewall ilikuwa ya zamani sana, kwa hivyo watu walikaa bila intaneti siku mbili. Mimi nilifika siku ya pili. Nikauliza maswali matatu hivi, nikajua kilichotokea, lakini diski ilikuwa ishafutwa na hakukuwa na cha kuokoa.

Kilichotokea ni hiki. Kwa FreeBSD, ps na top hupata orodha ya prosesi kutoka kwa kerneli moja kwa moja, na inakuja kama rekodi zilizopangwa, kila rekodi iko na ukubwa wake kamili. Ile programu ya ps imejengwa ikijua rekodi ni ya ukubwa fulani. Ukibadilisha kerneli na rekodi zikabadilika, na ps ikabaki ya zamani, basi ps inapokea kitu hakitoshei kwa mkono wake. Afadhali ikatae ikuambie ukubwa haulingani kuliko ikusomee takataka. Kwa hivyo lile kosa lilikuwa ukweli mtupu: kerneli ni ya leo, programu ni za jana. Jamaa walikuwa wamefanya installkernel wakaributi wakasahau installworld, ile ya kuweka programu zingine. Basi. Hiyo tu ndo ilikuwa imebaki. Na ukiwa na mashine kama hiyo leo, piga freebsd-version na -k, -r, -u, utaona kerneli iliyo kwa diski, kerneli inayokimbia saa hii, na programu za kawaida ziko toleo gani. Zikipishana, usiguse kingine, maliza apdeti kwanza. Ata wale wanaotumia freebsd-update, ukihama toleo kwenda lingine lazima urudie install baada ya kuributi, manake ile ya kwanza huweka kerneli na ya pili ndo huweka zingine. Wengi huishia ya kwanza.

Linux nayo imefuata njia ingine. Huko namba ziko kwa /proc, na /proc si folda ya kweli kwa diski, ni kerneli inajifanya folda. Wazo lenyewe ni la zamani, lilionekana kwa Unix ya Bell Labs mwaka wa 1984, na mwaka huo huo ndo William LeFebvre aliandika top ya kwanza kwa BSD, kwa hivyo hizi vyombo ziko na umri kuliko wengi wenu hapa. Uzuri wa /proc ni unaweza kuisoma na macho yako. free inasoma /proc/meminfo. uptime inasoma /proc/loadavg. iostat inasoma /proc/diskstats. Kwa hivyo gorogoro ikikushinda unaingia kwa gunia mwenyewe na mkono, unapiga cat /proc/meminfo, unalinganisha. Hiyo ndo tabia nataka mtoke nayo hapa, na ukiipata mengine yote niliyobeba leo ungeweza kuyagundua peke yako.

Sasa /proc ikikosekana je? Kuna siku utawasha mashine mbovu kwa flashi, uingie kwa mfumo wake na chroot ndo urekebishe, alafu upige ps na ikuambie "Error, do this: mount -t proc proc /proc". Angalia vile hilo kosa limeandikwa kwa upendo. Limekupa komandi yenyewe! Na bado nimeona mtu anapiga picha ya skrini anatuma kwa WhatsApp anauliza wakubwa nifanye nini. Vijana wangu, someni kosa mpaka mwisho wa mstari. Someni pole pole. Mtu aliyeandika ile programu alikaa akafikiria siku utakayokuwa umekwama, akakuachia maneno.

Kuna ingine ya /proc ambayo haikupi kosa kabisa, na hiyo ndo hatari zaidi. Unaingia kwa seva ya mtu, unapiga ps aux, unaona prosesi tano tu. Databesi hakuna. Web seva hakuna. Unapiga simu na sauti ya msiba. Lakini tulia, piga mount ukitafuta mstari wa proc, ukiona hidepid=2 basi jua mwenye mashine amefunga, kila mtu anaona prosesi zake mwenyewe tu, root, yaani msimamizi mkuu, ndo anaona zote. Databesi iko hapo inafanya kazi. Kijana mmoja wa hapa Kisumu alianzisha databesi ya pili juu ya ile ya kwanza kwa sababu hiyo, na bahati tu ndo ile ya pili ikakataa kuwaka manake poti ilikuwa imeshikwa.

Nitakaa kidogo kwa df, manake hapo ndo huku kwetu tunaumia.

Sako moja huku magharibi ilikuwa na ofisi kubwa na matawi, na tawi lilikuwa linasoma mafaili ya ofisi kubwa kupitia NFS, ile njia ya kusoma diski ya mashine ingine kwa netiweki. Siku moja laini ikakatika, trekta ilikuwa inachimba barabara. Simu ikaingia kwangu: "Seva imekufa, lodi imefika 40 na df imekwama haitaki ata Ctrl-C." Nikauliza CPU iko aje, nikaambiwa iko free, asilimia tisini na kitu haina kazi. Sasa hapo mtu anachanganyikiwa, lodi ya 40 na CPU imelala, lazima gorogoro imegongwa! Lakini hapana, hii haijagongwa. Kwa Unix nyingi lodi huhesabu prosesi zinazotaka CPU. Kwa Linux, tangu 1993, inahesabu pia zile zimelala usingizi usioamshika, zile ps inaziandika D, zinazongoja diski ama NFS ijibu. Kila mfanyakazi wa tawi aliyefungua faili alikuwa ameacha prosesi moja ikingoja ofisi kubwa ijibu, na ofisi kubwa haikuwa inafikika. Arobaini wanangoja, lodi ni 40. Iko sawa kabisa.

Na df nayo, mnajua kwa nini ilikwama? Manake df ndo ipate namba lazima iulize kila diski iliyofungwa kwa mashine, moja baada ya ingine, na ikafika kwa ile ya NFS ikauliza, na ikangoja jibu na yenyewe. Chombo cha kupima kimeingia kwa ugonjwa wenyewe. Alafu skripti ya kuangalia afya ya seva ilikuwa inapiga df kila dakika moja, kwa hivyo kila dakika df mpya inakwama, na kila df iliyokwama inaongeza lodi moja. Nusu ya ile 40 ilikuwa df tupu! Yaani chombo cha kuangalia ndo kilikuwa kinajenga ule ugonjwa kinachoripoti.

Tulifanya nini? df -l, ya diski za hapo hapo tu, ikajibu papo hapo na hakuna diski iliyojaa. Alafu ps -eo pid,stat,wchan:30,cmd, ukichuja zile za D, ile safu ya wchan inakuambia kila moja imelala wapi ndani ya kerneli, na zote zilikuwa na jina lenye nfs ama rpc ndani. Alafu dmesg, ile ya kusoma maneno ya kerneli yenyewe, na hapo ikawa imeandikwa kabisa kwamba seva ya NFS haijibu, bado inajaribu. Basi tukazima ile skripti, tukangoja fundi wa laini, na laini iliporudi zile prosesi zote zikaamka zenyewe lodi ikashuka, hakuna faili lilipotea. Wangeributi wakati ule kazi za watu zilizokuwa katikati zingeenda na maji. Zamani hapo kwa D ata kill -9 ilikuwa haigusi, siku hizi kwa NFS saa ingine inashika, lakini usiue mtu anayengoja kama unajua mlango utafunguliwa.

Na tukiwa bado kwa df. Kuna ile df -h inakuambia diski imejaa asilimia 100, unapiga du kwa folda zote unajumlisha unapata ata nusu haijafika. Hapo kuna mtu amefuta logi kubwa na rm huku programu bado imeishika. Kwa Unix jina likifutwa faili haliendi mpaka wa mwisho aliyelishika aachilie. df inauliza diski yenyewe, du inatembea ikihesabu majina, kwa hivyo faili lisilo na jina linaonekana kwa moja na halionekani kwa ingine. Zote mbili zinasema ukweli! Piga lsof +L1 utaona nani amelishika, uributi hiyo programu moja, si seva nzima. Na ukiambiwa "No space left on device" na df -h inaonyesha nafasi iko tele, piga df -i. Ni ainodi zimeisha, zile nafasi za kusajili mafaili, kila faili moja yake, mara nyingi ni folda ya barua pepe ama ya seshoni za PHP imejaa mafaili madogo madogo kama omena zenyewe.

Memori nitapita haraka lakini lazima niseme manake hii ndo inaributisha seva nyingi Kenya hii. Safu ya free kuwa ndogo si ugonjwa. Linux inachukua memori isiyo na kazi inaweka akiba ya mafaili ya diski, na programu ikitaka inairudisha. Angalia safu ya available. Hiyo namba kerneli ndo inaikadiria yenyewe tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014, kabla ya hapo watu walikuwa wanapiga hesabu kwa vidole. Kuna ofisi walikuwa wanaributi seva kila Ijumaa jioni kwa sababu skripti yao ya tahadhari ilikuwa inasoma free. Baada ya kuributi free inakuwa kubwa, wanafurahi, Jumanne imeshuka tena. Mwaka mzima. Mpaka Ijumaa moja stima ikakatika katikati ya kuributi, na databesi haikuamka vizuri mpaka Jumapili. Hiyo iliniuma sana, kwa sababu hakukuwa na shida yoyote kwa ile mashine tangu mwanzo.

Sasa sar. Nani hapa ashapiga sar akaambiwa haiwezi kufungua faili, aangalie kama ukusanyaji umewashwa? Mikono mingi sana! Kwa Debian, na kwa Ubuntu nyingi mtakazokutana nazo, ukiweka sysstat, kile kifurushi chenye sar, inakuja imelala. Unaingia /etc/default/sysstat unabadilisha ENABLED iwe true, alafu systemctl enable --now sysstat, na kuanzia hapo inachota kila dakika kumi inaweka kwa /var/log/sysstat. Jamii ya Red Hat ni /var/log/sa. Lakini nisikizeni hapa, sar haiwezi kukuambia ya jana kama jana haikuwa imewashwa. Mteja atakuja Jumatatu akuambie mfumo ulikuwa pole pole Ijumaa saa nne, na hautakuwa na kitu cha kumwonyesha. Kwa hivyo usingoje shida, seva yoyote unayopewa funguo, siku ya kwanza washa sar. Na ukiona "Invalid system activity file" baada ya apdeti, faili ni la toleo la zamani, sadf -c inaligeuza. Ukiona "End of system activity file unexpected", hapo mara nyingi stima ilipotea faili likiwa linaandikwa, ama diski ilijaa, na huku kwetu na hizi radi za jioni mtaiona sana.

Na stima ikipotea kuna saa. Hii watu hawaifikirii. Mashine za zamani betri ya ndani, ile ya CR2032 ya kama kibonge cha sarafu, imekufa, kwa hivyo kila stima ikipotea mashine inaamka ikidhani ni miaka ya nyuma. sar inaandika kwa faili la siku ambayo si yenyewe, grafu zinakatika, cheti za usalama zinakataliwa, na chombo cha kuangalia kinasema kila kitu kimekufa. Piga date kabla ya kitu kingine chochote. Alafu timedatectl uone kama inasinki na kama iko kwa saa za Nairobi. Betri ni ya bei ya sahani ya chapati na maharagwe, ibadilisheni.

Cron, ile inayopiga komandi kwa ratiba. Unaandika skripti ya top, kwa terminali inafanya vizuri, ukiiweka kwa cron inalia "top: failed tty get" ama inasema TERM haijawekwa. top kwa kawaida inataka skrini ya kuchora, na cron haina skrini. Mpe top -b -n 1, -b ni ya kumwambia asichore, aandike tu. Lakini pia mjue ile namba ya kwanza ya CPU, iwe ni top ama vmstat ama iostat, mara nyingi ni wastani tangu mashine iwake, si ya saa hii. Mashine imewaka miezi mitatu, wastani wake hauwezi kukuambia kwa nini inakwama leo. Piga vmstat 1 5 na mstari wa kwanza uuache. Nimeona ripoti nzima ya mwezi imeandikwa na ule mstari wa kwanza.

iotop nayo, ile ya kuonyesha nani anatumia diski, siku hizi inasema CONFIG_TASK_DELAY_ACCT haijawashwa, na safu ya IO haina namba. Tangu kerneli ya 5.14, mwaka 2021, wamezima hiyo hesabu kwa kawaida manake inakula nguvu kidogo. sysctl kernel.task_delayacct=1, fanya kazi yako, ukimaliza irudishe 0. Na ukisikia "unknown terminal type" umeingia seva ya zamani na terminali mpya ya laptopu yako, seva haijui hiyo terminali inaitwa nani. Mashine haina kosa hapo, weka TERM=xterm uendelee. Ndani ya konteina free inakuonyesha memori ya mashine nzima, si kipimo chako, chako kiko /sys/fs/cgroup/memory.max. Hizo ni za kupita tu.

Na sasa ile ambayo haiko kwa orodha yangu, ambayo utakutana nayo Alhamisi saa nane ya usiku na hakuna mtu wa kuuliza. Hapo kuna strace. Ukipiga strace -e trace=openat mbele ya chombo chako, inakutajia kila faili kile chombo kinajaribu kufungua na jibu kililopata. Utaona ENOENT, faili halipo. Utaona EACCES, faili lipo lakini wewe huna ruhusa. Na kama chombo kimekwama, strace -p na namba ya prosesi inakuonyesha mstari wa mwisho kilipolala, ila si iliyo D kama ile df yetu, hiyo strace -p haiwezi kuishika mpaka iamke, hapo rudi kwa wchan. FreeBSD iko na truss, inafanya hivyo hivyo. Mimi nilipojifunza strace ndo niliacha kuogopa makosa nisiyoyajua, manake huu ndo mkono wenyewe unaopita mpaka kitako cha gorogoro, unagusa, unajua.

Nilipofika hapo mwenyekiti akafungua maswali, na dada mmoja kutoka Busia akasimama akauliza swali ambalo naona lilikuwa bora kuliko hotuba yangu yote. Alisema, "Mwalimu, haya yote nimeelewa, lakini mimi niko peke yangu usiku, mkubwa yuko kwa simu ananifokea niributi saa hii, na yeye ndo analipa. Nifanye aje?"

Dada yangu, hilo ni jambo la kweli na sitakudanganya kwamba utabishana na mkubwa ushinde. Mwambie, "Sawa mzee, nipe dakika tano niributi." Hizo dakika tano ni zako. Piga date, uptime, free -m, df -l na df -li, ps -eo pid,stat,wchan:30,cmd, na dmesg -T, zote uzielekeze kwa faili moja, na hilo faili ulitoe kwa ile seva ulipeleke kwa laptopu yako na scp manake hujui kama diski itaamka. Andika skripti ndogo ya hizo komandi leo, uiweke kwa kila seva unayosimamia, uipe timeout mbele ya kila komandi ndo moja ikikwama zingine ziendelee. Alafu ributi kama ulivyoambiwa.

Na dmesg hasa usiiache, manake hiyo inakaa kwa memori, ukiributi imeenda. Kuna journalctl -b -1 ya kusoma mambo ya kabla ya kuributi, lakini kwa mashine nyingi hiyo inafanya kazi tu kama folda ya /var/log/journal iko. Kama haiko, logi ziko kwa /run na zinapotea na stima. Akauliza, "Kwa hivyo naitengeneza na mkdir tu?" Nikamwambia ndio, mkdir, alafu systemctl restart systemd-journald, na uhakikishe na journalctl --list-boots baada ya ributi inayofuata kwamba sasa unaona zaidi ya moja. Akafungua laptopu yake hapo hapo akaingia kwa seva ya kazini, akaangalia. Haikuwa na hiyo folda. Wengine wakaanza kufungua zao pia, na tukakaa na hiyo mpaka chai ikaletwa.